Dume la Pikipiki na Fahali wa Mama Mkwe

Kazi yake ilikuwa kuzunguka na pikipiki akiwapandisha ng'ombe mimba kwa mrija, na kwa kuwa alikuwa mwanamke, watu hawakuweza kuliacha jambo hilo lipite bila utani. Walimwita Dume la Pikipiki. Mwanzoni lilikuwa jina la kunong'onezana kwenye foleni ya maziwa, baadaye likatoka hadharani, na mwishowe hata katibu wa chama cha wafugaji akawa analitumia mbele yake bila kupepesa macho. Yeye hakununa.

"Dume gani mwingine mnayemjua," aliwauliza, "anayekuja akipigiwa simu, akimaliza ananawa mikono na kwenda zake?"

Nyuma ya pikipiki alifunga mtungi wa alumini wenye shingo nyembamba, na ndani yake kulikuwa na naitrojeni ya maji, baridi kupita barafu yoyote. Alipoufungua, moshi mweupe ulimwagika pembeni na watoto wakarudi nyuma hatua mbili. Humo ndimo ilimokaa mbegu ya mafahali wa mbali, ndani ya mirija myembamba kama ujiti wa wino wa kalamu. Alichomoa mmoja, akauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, akavaa glavu ya plastiki iliyomfika begani, kisha akaingiza mkono taratibu, shavu lake likikaribia kabisa ubavu wa ng'ombe, macho kayafumba. Aliyafumba kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya vidole. Wenye ng'ombe walisimama kando kama watu waliopeleka mgonjwa hospitali.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba vitatu na kibanda cha mbele. Kibanda kilikuwa cha mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Chumba cha nyuma, chenye dirisha lililotazama zizi, kilikuwa cha mama mkwe.

Huyu mama alikuwa na msimamo wake tangu siku ya kwanza. Mwanawe alipomleta mchumba na kueleza kazi yake, alimtazama binti yule kuanzia mikononi, kisha akamgeukia mwanawe. "Umeniletea mkwe," akauliza, "au umeniletea mtu wa kuwatia ng'ombe wangu mkono?"

"Vyote viwili, mama," mwanawe akajibu.

"Basi mkwe aingie ndani. Yule mwingine akae nje ya zizi langu."

Na kweli alikaa nje ya zizi kwa miaka mingi. Mama mkwe alikuwa na ng'ombe wachache wa asili, wafupi, wenye nundu na ngozi iliyokaa kama nguo ya kuazima, wakining'iniza mikunjo shingoni. Mkubwa wao aliitwa Ukoko kwa ile rangi yake ya kahawia iliyoungua. Nyuma yake walikuwapo mabinti na wajukuu zake, na fahali mmoja mweusi tii aliyeitwa Mkaa. Mama mkwe aliwapata kwa mama yake mzazi, ambaye naye aliwapata kwa mama yake, na zaidi ya hapo hakuna aliyejua.

"Mama," Dume la Pikipiki angeanza, jioni wakichambua mboga, "nikimpandisha huyu binti wa Ukoko kwa mbegu ya kisasa, ndama wake atajaza ndoo."

"Na majani ya kumlisha huyo mwenye ndoo utayavuna kichwani mwako?"

"Tutapanda."

"Na akipigwa na jua?"

"Tutamjengea kivuli."

"Ee, na akikohoa tutamwita daktari, na akichoka tutampa mto alale. Mwanangu, mimi nimefuga ng'ombe. Sijafuga mgeni."

Hapo fundi cherehani angecheka hadi uzi utoke kwenye sindano, na mazungumzo yangeishia hapo. Hawakugombana. Lilikuwa kama jiwe katikati ya ua: kila mtu alilijua lilipo na hakuna aliyejikwaa.

Mitaa mingine, hata hivyo, ilimpokea kwa mikono miwili. Ndama chotara walizaliwa wakakua wakawa mitamba, mitamba wakazaa, na kwa mara ya kwanza foleni ya chama cha maziwa ikapinda kona. Wengi walijenga mabanda ya sakafu ya saruji. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu ambaye wanafunzi wake wa zamani walimwita Mwalimu Sehemu, kwa jinsi alivyowatesa na nusu na robo. Yeye alikuwa na ng'ombe mweusi na mweupe aliyemwita Profesa. Bibi yake Profesa alikuwa ng'ombe wa kawaida wa nundu. Mama yake alikuwa nusu damu ya kigeni. Profesa mwenyewe alikuwa robo tatu, na Mwalimu alimtangaza hivyo kwa kila mgeni kabla hata ya kumkaribisha kiti.

"Safari hii tunakwenda saba ya nane," alimwambia Dume la Pikipiki, akisugua viganja. "Mtie mbegu ileile."

Naye akamtia. Wakati ule hata yeye aliamini hivyo hivyo. Alikuwa ameyaona maziwa kwa macho yake, na Profesa alikuwa ng'ombe wa kupendeza, mwenye kope ndefu, asiyerusha teke.

Ndipo ukaja mwaka mbaya. Mvua ilichelewa, na ilipokuja ilikuja na kupe wasio na idadi. Josho la kuogeshea mifugo lilikuwa limekauka, dawa haipatikani. Wakaanza kuanguka ng'ombe wa mabanda ya saruji, mmoja huku, mmoja kule, tezi zikivimba chini ya masikio. Ilikuwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Dume la Pikipiki alipopigiwa simu siku hizo, hakuitwa tena kupandisha. Aliitwa kwa kuwa watu hawakujua wamwite nani mwingine.

Kwa Mwalimu Sehemu alifika mchana. Bwana mifugo, yule afisa wa serikali wa eneo hilo, alikuwa ameshachoma sindano na kufungasha mkoba wake. Profesa alikuwa amelala ubavu, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Mwalimu alikuwa amevua shati, amelilowesha maji na kumfunika nalo paji la uso.

"Nimempa kila kilichopo," bwana mifugo alisema kwa sauti ya chini. "Tumechelewa kidogo."

Dume la Pikipiki alichuchumaa, akamwekea mkono shingoni. Jua lilipoanza kuinama, ile pumzi ikasita, ikarudi mara moja, kisha haikurudi tena. Mwalimu aliinuka, akachukua ndoo ya kukamulia, akaiosha kwa makini ndani na nje, akaifudikiza juu ya nguzo ya banda.

"Nilidhani nikiweka damu nzuri juu ya damu nzuri nitapata nzuri zaidi," akasema. "Ubaoni ilikuwa inajumlika vizuri sana."

Jioni ile Dume la Pikipiki aliingia nyumbani na kukaa jikoni na viatu vyake vya matope. Alimtarajia mama mkwe aseme neno lake, na alikuwa tayari kulimeza. Mama mkwe hakusema. Alimwekea maji ya kuoga, akamvua kiatu kimoja, cha pili akamwachia avue mwenyewe. Baadaye sana, wakiwa wanakula, ndipo akasema, "Hata wangu wanaumwa, usidhani. Binti wa Ukoko amepona homa juzi. Ila hawa wangu huumwa wakiwa wamesimama."

Mvua zilipotulia, alifika mtafiti kutoka taasisi ya mifugo. Alikuwa binti mwembamba mwenye miwani na sanduku la bahasha ndogo, na kilichomleta kilikuwa nywele za mkia wa ng'ombe. Alitaka kujua kwa nini wengine walikufa na wengine wakapona, na ng'ombe wa eneo lile wamechanganyika kiasi gani. Wafugaji walikuwa na majonzi, hawakutaka mgeni zizini, kwa hiyo akatafuta mtu wanayemfahamu. Akaambiwa kuna Dume. Alipomwona ni mwanamke alitazama nyuma yake kidogo, kama anayesubiri dume lenyewe literemke. Walicheka wote wawili, na kuanzia hapo wakawa wanatembea pamoja, mtafiti nyuma ya pikipiki na sanduku mapajani.

Walipofika kwa mama mkwe, alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama," mtafiti akasema.

"Marahaba. Nasikia unanyonyoa mikia. Sasa nzi watawafukuza kwa kitu gani?"

"Nywele chache tu, mama, za mwishoni. Ninahitaji mizizi yake. Kwenye ule mzizi kuna vinasaba, na vinasaba vinaeleza ng'ombe amechukua nini kwa baba na nini kwa mama."

"Hilo ningekueleza bila kumnyonyoa. Hawa ni wa mama yangu."

"Najua. Mimi nataka kujua walikuwa wa nani kabla ya mama yako, na kabla ya mama yake."

Mama mkwe alimtazama tena. Swali lile lilimwingia, kwa maana alikuwa amejiuliza mwenyewe mara nyingi, akikamua peke yake, na hakuwahi kumpata mtu wa kumuuliza. Akafungua mlango wa zizi. "Anza na Ukoko," akasema. "Ukianza na mdogo yeye atanuna."

Miezi ikapita kabla majibu hayajarudi. Yaliposomwa, yalisomewa katika ukumbi wa chama, kati ya madebe ya maziwa yaliyooshwa na kupangwa ukutani. Watu walijaa, wengine wakakalia madebe. Mwalimu Sehemu alikaa mbele. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kutia mguu mle ndani kwa sababu hakuwa na maziwa ya kuuza, alikaa nyuma kabisa kando ya mwanawe.

Mtafiti alisema mambo kwa lugha nyepesi. Ng'ombe wao wa nundu, alisema, si wa damu moja kama wanavyodhani. Nundu ilikuja na mafahali kutoka Asia, zamani sana, kwa njia za biashara na za wahamaji. Mafahali hao wakawapanda ng'ombe waliokuwapo tayari katika bara hili, wasiokuwa na nundu. "Kuna sehemu ya vinasaba ambayo ndama huipokea kwa mama peke yake," akaeleza. "Tumeitazama kwa ng'ombe wenu wa asili, na yote inatoka kwa wale wa kale wasio na nundu. Mafahali wamekuja na kuondoka. Upande wa mama haujakatika."

Mama mkwe alishika mkono wa mwanawe bila kumtazama.

Kisha mtafiti akaja kwenye chotara. Kwa malisho ya pale na kupe wa pale, waliofanya vizuri walikuwa wale wa karibu nusu kwa nusu. Zaidi ya hapo, maziwa yaliongezeka kidogo tu na ugonjwa ukaongezeka sana. Mwalimu Sehemu aliitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa.

"Na kuna jambo jingine," mtafiti akasema, akavua miwani na kuivaa tena. "Baadhi ya ndama mliotuambia ni robo tatu, si robo tatu. Hata nusu hawafiki. Baba yao si fahali wa kwenye mrija. Baba yao ni fahali wa asili. Na ni yuleyule mmoja."

"Mmoja yupi?" mtu akauliza.

"Tulimpima naye. Ni mweusi."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa upole, "Mkaa," na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Katibu alifuta machozi kwa tai. Dume la Pikipiki lilikuwa limepitwa na dume la miguu minne, tena la nyumbani kwake mwenyewe. Fundi cherehani alikuwa hana mbavu. Mama mkwe peke yake alikuwa ameinua uso, anakagua paa la ukumbi kana kwamba ndiye atakayelipiga bati.

Dume la Pikipiki alisimama pale, mashavu yanawaka. Mambo mengi yalimrudia kwa pamoja. Ng'ombe waliochelewa kuzaa kwa wiki kama tatu, na yeye akawaambia wenyewe kuwa ndama wa kisasa hukaa tumboni zaidi. Ndama waliozaliwa na kinundu, na yeye akasema kitajificha wakinenepa. Kumbe mrija haukushika, ng'ombe akaingia tena kwenye joto la kutaka dume bila mwenye ng'ombe kugundua, na Mkaa akagundua. Lililomchoma zaidi lilikuwa swali la mama mmoja aliyekalia debe: "Sasa hawa watoto wa Mkaa, si ndio wale waliopona mwaka ule?"

"Wengi wao," mtafiti akasema.

Dume la Pikipiki alipofika nyumbani alimkuta mama mkwe ameshatangulia jikoni, anapepeta mchele ambao ulishapepetwa asubuhi.

"Mama, Mkaa alikuwa anatokaje?"

"Fahali ana miguu."

"Na kamba?"

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Alikuwa analia asubuhi, wewe ukishaondoka. Analia mpaka roho inaniuma. Nilikuwa namfungua. Kumfungua nilimfungua, sikatai. Lakini njia sikumwonyesha."

Dume la Pikipiki alitaka kukasirika. Alijaribu kabisa. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kidogo kwanza, halafu kikamzidi nguvu hadi akakaa sakafuni na kuegemea mlango. Mama mkwe alimtazama kwa wasiwasi, kisha naye akaanza, na fundi cherehani alipokuja kuuliza kulikoni hakuna aliyeweza kumjibu.

Kicheko kilipokwisha lilibaki jambo ambalo halikuwa na kicheko, na yeye ndiye aliyelazimika kulisema. "Mama, sasa ana mabinti kila upande. Akiendelea kuzunguka atawapanda mabinti zake mwenyewe. Wataanza kuzaliwa dhaifu. Hata hawa wa kwako, humu zizini."

Mama mkwe hakubisha. Alilijua hilo kabla hajazaliwa mkwe wake, na alikuwa analisogeza mbele mwaka hadi mwaka kwa kuwa alimpenda yule mnyama. Aliomba siku chache. Katika siku hizo alimlisha Mkaa kwa mkono, akamsugua nundu kwa gunzi la mahindi. Halafu akamwita mtafiti mwenyewe, kwa simu ya mwanawe, akamwambia aje amchukue ampeleke kwenye kituo chao. Alikuwa ameuliza maswali yote: atakula nini, nani atamshika, atapata kivuli cha nini. Taasisi ilitaka mbegu ya mafahali wa asili waliothibitika, ili wenye ng'ombe waliozidisha damu ya kigeni wapate cha kuwarudishia nguvu.

Siku ya gari kuja, Mkaa alipanda bila ubishi, akageuza kichwa kidogo tu. Mama mkwe aliingia ndani kabla gari halijawasha moto. Wiki ile nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Badala yake waliletewa fahali mdogo wa rangi ya vumbi kutoka kwa wafugaji wa ng'ambo ya milima, mwenye nundu nzuri na tabia ya kuogopa kuku. Mama mkwe alikataa kumpa jina kwa muda mrefu.

Chama kilipopokea mirija ya kwanza ya Mkaa, Dume la Pikipiki aliipitisha nyumbani kabla ya kwenda popote. Mama mkwe alikuja akasimama mbele ya mtungi, akaugonga kwa kidole.

"Yumo humu?"

"Yumo, mama."

"Si atasikia baridi?" akauliza, kisha akajicheka mwenyewe na kujifuta macho kwa upindo wa kanga.

Mwalimu Sehemu alikuja mwezi uliofuata. Alikuwa amevaa koti, akakaa ukingoni mwa kiti na kuzunguka sana kabla ya kufika alipotaka. Mwishowe akasema anaomba mtamba mmoja wa ukoo wa Ukoko, aanze upya.

"Umekuja kuposa," mama mkwe akasema.

"Ni kama hivyo."

"Utamlaza wapi?"

"Banda lipo."

"La saruji? Atateleza. Weka udongo, weka na nyasi. Na utamwita nani? Usije ukampa cheo, mtoto wa watu."

Mwalimu akaahidi kutompa cheo. Walikubaliana kwamba ndama jike wa kwanza atarudi nyumbani, na mtamba akaondoka naye kwa miguu, yeye mbele, Mwalimu nyuma na koti lake begani, anamsemesha. Mtamba yule alipandishwa kwa mbegu ya kisasa, akamzalia ndama wa nusu kwa nusu, na ndoo ile ikateremshwa kutoka kwenye nguzo. Haikujaa kama zamani. Mwalimu alisema inamtosha, na kwa mara ya kwanza hakutaja sehemu.

Kuhusu zizi la nyumbani, hakuna aliyeuliza tena. Jambo hilo lilianzishwa na mama mkwe mwenyewe, asubuhi moja ya kawaida, wakati mkwe wake anafunga kofia ya pikipiki.

"Yule binti mdogo wa Ukoko anapanda wenzake tangu alfajiri. Ni joto."

"Nimemwona, mama. Fahali mdogo yupo."

"Fahali mdogo anaogopa kuku," mama mkwe akasema. "Mtie wa kisasa. Mmoja tu. Nione hiyo ndoo unayonisimulia miaka yote. Mabinti wengine uniachie kama walivyo."

Dume la Pikipiki aliweka kofia chini. Aliingia kwenye zizi lile kwa kazi yake kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akafungua mtungi, akavaa glavu. Mama mkwe alikwenda mbele, akashika pembe za mtamba, akamwinamia sikioni.

"Tulia, mama," alimwambia ng'ombe. "Huyu ni mkwe wangu. Mkono wake naujua."